Sinia la Mumbai

Simu iliita sinia likiwa limebakiza konzi tatu kujaa. Bi Somoe alishtuka, jiwe la kubangulia likamponyoka.

Kila binti yake aliporuka na ndege kutoka Dar kwenda Mumbai, yeye alikaa barazani kwake kijijini Ziwani akabangua korosho. Ni kilomita kama elfu nne na mia saba, saa sita angani, na kwa mkono wa Bi Somoe saa sita ni sinia moja, limejaa pomoni. Likishajaa ndipo simu huita.

Leo imeita mapema.

Jirani aliyekuwa akibangua naye alijishika kifua. Bi Somoe akabonyeza simu kwa kidole cheusi, kilichobabuka kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo mama. Tumeshatua. Upepo ulikuwa mgongoni."

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi!"

Jirani alilitazama sinia, akamtazama na mwenyewe. "Kwani Mumbai imesogea?"

"Haijasogea hata hatua moja." Bi Somoe aliliokota jiwe lake taratibu, akajiweka sawa kwenye mkeka. "Siku zote alikuwa msaidizi. Leo rubani mkuu ni yeye."