Mlango wa Bogoro

Tangu saa mbili asubuhi ruta, mashine ya kupokea na kugawa sauti, ilikuwa inaitupa sauti ya Olivier.

Kahindo aliitazama namba ya pakiti, vipande vya sauti, zilizotupwa ikipanda kwenye kioo cha mashine: elfu tatu, elfu nne. Olivier, mume wake, alikuwa mlinzi wa kilima cha Bogoro. Kila asubuhi alisema mara moja tu katika mashine yake, na ruta hii ya Nyakasanza ikatoa nakala kwa kila kambi ya wakimbizi iliyoomba kumsikia. Akisema barabara ni safi, haina waasi, watu walikwenda kulima. Siku nne mfululizo alikuwa amewakataza, huku akikohoa mpaka maneno yanakatika.

Leo mlango wa Bogoro, tundu la ruta unapoingia waya wa kilimani kwake, ulikuwa kimya. Pakiti zilikuwa na anwani yake, lakini zilikuwa zinaingia kwa mlango wa Kilo, mji wa upande mwingine kabisa.

"Weye Kahindo, mashine yako imemeza bwana yako?" Charlotte aliita dirishani, jembe begani. Nyuma yake kambi nzima ilikuwa imepanga mstari. "Batoto yangu iko nalala na chai tu!"

Kahindo alivaa spika za masikioni, akausikiliza mlango wa Kilo. Ni yeye. Sauti nzito, ya taratibu, bila kikohozi hata kimoja: "Barabara ni safi. Mutoke, mulime."

Alicheka kwa furaha. Dawa aliyomtumia ilikuwa imefanya kazi.

"Muzee, ni yeye! Waya wake umeharibika, amezungukia Kilo."

Muzee Fulgence, aliyemfundisha kazi, hakuinuka kwenye kiti. "Binti yangu, ruta haiulizi jina la mutu. Inajiuliza: kama ningetaka kumufikia huyu, ningepita mlango gani? Sauti ikiingia kwa mlango mwingine, inatupwa. Mutu wa Bogoro anatafuta nini Kilo?"

"Bwana yangu ninamujua sauti."

"Sijakataa sauti."

"Musikie huyu!" Charlotte aliwageukia wenzake. "Bwana ni wa mwenyewe, muzee ndiye anabisha!"

Watu walicheka, kicheko cha njaa. Fulgence aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatazama chini.

Kahindo aliandika mstari mmoja tu: kwenda kwa Olivier, pita mlango wa Kilo. Akabonyeza.

Namba ilisimama. Ruta ilikuwa imeridhika. Hapo hapo vipaza sauti vya kambi vilikoroma, na sauti ya mume wake ikajaa uwanjani. "Barabara ni safi. Mutoke, mulime." Kambi tano zilipokea nakala ileile, kwa wakati uleule.

Charlotte ndiye aliyetangulia. "Jioni nitakuletea mihogo, mama!" Mstari ukamfuata, majembe, vikapu, watoto mgongoni, mpaka wa mwisho akapotea kwenye kona ya barabara ya Bogoro.

Uwanja ulibaki mtupu. Kipaza sauti kiliendelea kuyasema maneno yaleyale, kwa taratibu ileile.

"Hachoki leo," Fulgence alisema.

Kahindo alitabasamu, akageukia kioo. Namba ya pakiti zilizotupwa ilikuwa imeanza kupanda tena. Mia. Mia tatu. Elfu.

Aliisoma mara mbili. Safari hii zilikuwa zinatupwa kwenye mlango wa Bogoro.

Alizivaa tena spika za masikioni, akausikiliza mlango wa Bogoro.

Mtu alikuwa anakohoa. Alikohoa mpaka maneno yanakatika: "Kahindo... waasi walikata waya, ndiyo nimeuunganisha sasa... Wamejificha barabarani. Musi... musitoke."