Nyusi za Kuulizia

Tangu sheria ikataze makunyanzi kwenye madirisha ya huduma, Riziki, karani wa posta, huchomwa sindano za kugandisha paji la uso kila baada ya miezi mitatu. Si mtu wa kubahatisha. Leo pia alitaka kichupa kifunguliwe mbele ya macho yake, akasoma tarehe, akakagua leseni ya nesi.

“Usiguseguse paji mpaka kesho, dada,” nesi alimwambia. “Dawa isije ikahamia kwenye jicho.”

Alifika nyumbani hoi. Binti yake Nasra, kiziwi wa miaka saba, alikuwa akimsubiri mezani. Riziki akamuuliza kwa ishara: umekula? Lakini katika lugha ya alama swali hukaa kwenye nyusi, na nyusi zake zilishaganda siku nyingi. Kwa hiyo Nasra, kama walivyozoea, akanyoosha vidole gumba amwinulie nyusi.

Riziki akakumbuka maneno ya nesi. Akamdaka mikono yote miwili, akaishikilia.

Mtoto akamtazama usoni, akaitazama mikono yake iliyoshikwa. Kwa uchovu, ilimchukua Riziki muda kung'amua kwamba amemziba mdomo.