Kikapu cha Pichani

Simu zilipoanza kuingia porini, ndege Mnana, fundi hodari wa kusuka vikapu, hakuwa nayo. Jirani yake Kima alikuwa nayo, akatangaza vikapu mtandaoni, na wateja wote wakahamia kwake. Mnana akashinda dukani peke yake, akihofu kwamba wiki haitaisha kabla hajafunga biashara.

Siku moja Kima akapiga hodi. "Dada Mnana, nisaidie. Wateja thelathini wanataka kikapu kama hiki cha pichani, nami nimeshindwa kukisuka."

Mnana akaitazama picha. "Hiki si changu?"

Kima akainamisha kichwa. "Nilikipiga picha hapa kwako."

"Nitavisuka. Lakini kwanza waandikie jina langu, na duka langu lilipo."

Kima akaandika, kisha akampa Mnana simu asome mwenyewe.