Chupa Zisizochemshwa

Mwenye baa nisiyemjua alibisha hodi nikiwa bado nasugua chupa kuukuu.

"Nijazie kreti moja ya bia ya shangazi yako sasa hivi. Wateja wangu wakiipenda, nitanunua kila wiki."

Tangu shangazi augue, hatukuwa na mnunuzi hata mmoja.

Niliinua chupa dirishani. Ilimeta, ila kwenye kitako ilibaki pete nyembamba ya ukungu.

"Subiri kidogo nizichemshe, mjomba."

"Uzichemshe? Kwani ni viazi?" Akacheka. "Jaza, au niende kwingine."

Chumbani shangazi alikohoa. Nilikuwa nimemwahidi kwamba chupa isiyochemshwa haitajazwa.

Niliiweka chupa chini bila kuijaza, nikasikia gari la mwenye baa likiondoka. Nikabandika sufuria ya maji.