Mkalimani wa Ghala la Mahindi

Kila Jumapili Lukresia alikuwa wa kwanza kufika kwenye sinema, na macho hakuwa nayo. Ugonjwa wa trakoma uliyamaliza mwaka uliofuata vita vya Kagera. Mkwewe Hyasinta alimwongoza kwa fimbo hadi ghala la mahindi, akamkalisha juu ya gunia karibu na spika, naye akakaa ubavuni pake kumshika mkono.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kuchorwa. Watu wa kuchorwa, mashine za chuma zenye miguu, Wekundu wanapigana na Wabluu. Mjapani mmoja aliyekuja kuchimba visima Endabash aliiacha parokiani alipoondoka, mikanda kumi na miwili, na padre akawa anaonyesha mkanda mmoja baada ya misa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Kijapani hakuna aliyekijua. Piusi ndiye aliyesoma kwenye spika karatasi ya Kiswahili kibovu aliyoiacha Mjapani, na pale karatasi ilipopwaya alitia chumvi yake.

Ugomvi ulianza mkanda wa tatu. Wekundu ndio waliovamia, basi wakulima wa Karatu wakakaa benchi za kulia wakiwashabikia Wabluu. Lakini Piusi akasoma kwamba Wekundu nao walikuwa wamehamishwa kwao kwa nguvu. Hapo Sakaya, mfugaji aliyefukuzwa kreta ya Ngorongoro pamoja na ng'ombe wake miaka ile, akahamia kushoto na wenzake wote wa huko.

"Mtu amefukuzwa kwenye majani yake, akirudi mnamwita mvamizi," alisema. "Mimi niliitwa hivyo, na hata mkuki sikuwa nao."

Wilibrodi wa mashine ya kusaga akamjibu kwamba Sakaya angeshabikia hata fisi, mradi fisi awe mwekundu kama shuka yake. Ghala zima likacheka. Baada ya mkanda wa saba hakuna aliyecheka tena, maana kijana wa Wabluu waliyempenda wote alichoma kijiji chenye watoto. Wilibrodi akamtaka Piusi aseme wazi nani mbaya, watu wajue pa kukaa. Piusi akajibu kwamba yeye ni mkalimani tu.

Lukresia hakuwa na benchi. Alikuja kusikiliza sauti ya Piusi. Piusi na Hhando, mwana wa Lukresia, waliondoka siku moja kwenda Kagera, wakapanda lori moja, wakarudi mmoja. Asubuhi ile ya kuondoka Lukresia alichinja kondoo, akakata kipande cha ngozi, akamvisha Hhando kidole cha kati kama wazee walivyofanya, iwe kinga yake, katekista akimwangalia kwa jicho baya.

Piusi aliporudi alisema ni bomu. Hhando hakusikia maumivu. Tangu hapo Piusi alimlimia Lukresia shamba kila masika, akamwezekea nyumba, akamwita mama. Ila kila Lukresia alipomuuliza maneno ya mwisho ya Hhando, jibu lilikuwa lile lile: "Hakupata nafasi, mama." Alikuwa amemuuliza miaka minne. Neno moja tu lingemtosha, la kulala nalo.

Jumapili ya mkanda wa mwisho ghala lilijaa mpaka mlangoni. Piusi alisoma kama kawaida. Yule kijana wa Wabluu amemfuata Mwekundu mmoja mpaka migombani. Mwekundu ametupa bunduki. Amenyoosha mikono juu.

Hapo mashine ya sinema ikaanza kupiga pata, pata, pata, kama mbawa za kuku aliyefungwa miguu. Lukresia akadhani ni risasi. Piusi akaendelea, polepole, na karatasi haikusikika tena ikifunuliwa.

"Yule Mbluu hakuwa peke yake," alisema. "Alikuwa na mwenzake wa kwao. Mwenzake akaja akasimama katikati. Akasema huyu ameshasalimu amri, usipige. Mbluu alikuwa ameshakaza kidole. Wengine watasema kiliteleza. Mimi sisemi."

Hata Wilibrodi, ambaye hukohoa tangu mwanzo wa sinema mpaka mwisho, hakukohoa.

"Yule mwenzake hakufa hapo hapo. Aliomba maji, na maji hayakuwapo. Kisha akasema, mama asiambiwe ni wewe, atakosa mtu wa kumlimia."

Watu walianza kupenga kamasi. Lukresia naye alikuwa analia, akimlilia huyo mtoto wa Kijapani na mama yake huko aliko, akiwaza kwamba angalau huyo mama mtoto wake alipata nafasi ya kusema.

"Mbluu akamfumba macho," sauti ya Piusi ilisema, nyembamba sasa. "Akamkunja mikono kifuani. Kidoleni alikuwa na kipande cha ngozi ya kondoo."

Lukresia akaacha kulia. Akamvuta Hyasinta karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama Wajapani nao huvaa ngozi ya kondoo, na huyo wa kwenye picha ameivaa kidole kipi.

Hyasinta akatazama tena kitambaa cha sinema.

"Hakuna picha, mama," alisema. "Mkanda ulikwisha pale yule Mwekundu aliponyoosha mikono. Kitambaa ni cheupe tu, na Piusi amekipa mgongo, anatutazama sisi."