Nyota ya Pembe Nne

Jino la kwanza la Papa Laurent liliangukia kwenye sahani ya maharage. La pili alilimeza.

"Kashe iko fasi gani, papa?" Junior aliuliza tena. Alikuwa kijana wa adabu. Hata akipiga, alisema papa.

Laurent alitema damu. "Sitoi. Mwenye kashe ndiye mwenyekiti."

Junior akamwashiria mwenzake. Mpini wa jembe ukashuka begani kwa mzee, na kitu ndani kikalia kama kuni kavu.

Chama kilizaliwa humo humo, katika nyumba ya udongo ya Laurent huko Juru, kambini Nakivale, Uganda, mwaka wakimbizi wa Kivu walipofika. Kwa miaka kumi na miwili kilikuwa na wazee sita, benchi moja na muhuri mmoja, ambao wenyewe huuita kashe. Kazi yake ilikuwa moja. Kila vita vikiwaka upya nyumbani, wazee waliandika orodha ya vijana wa kwenda kupigana, Laurent akagonga kashe, lori la mahindi likawabeba. Kamanda wa ng'ambo ya mpaka hakupokea mtu asiye na kashe, na aliyegongewa kashe akigoma kupanda lori, alifuatwa usingizini.

Watoto wawili wa Laurent mwenyewe walikwenda hivyo. Kilirudi kiatu kimoja. Wazee nao walikuwa na mioyo migumu na migongo mibovu, kwa hiyo walibaki kulinda benchi.

Kughushi kashe hakukuwezekana. Siku Twaibu, mchonga mihuri wa Mbarara, alipoichonga, kisu kilimteleza na nyota ya chama ikapoteza pembe moja. Kamanda alikijua kilema hicho kuliko uso wa mkewe.

Halafu wakaingia vijana, kumi na mmoja kwa mkupuo mmoja, wote watoto wa akina mama wanaopalilia maharage pamoja na mke wa Laurent. Wazee walifurahi hadi Kabera, katibu, akacheza na goti lake bovu. Chama kimepata damu mpya!

Mwezi wa kwanza vijana walipiga makofi. Mwezi wa pili walipiga kura, na kwa kuwa katiba aliyoiandika Laurent ilisema walio wengi ndio waandikao orodha, kumi na mmoja wakawazidi sita. Mwezi wa tatu, yaani Jumapili hii baada ya misa, walipiga wazee.

Kabera alikuwa amelala chini ya benchi, taya limehamia upande wa pili. Wengine wanne walifungwa kwa kamba ya mbuzi, wameegemea ukuta, damu ikiwachuruzika hadi kwenye viatu vya kanisani. Orodha ya watakaokwenda leo ilikuwa mezani. Laurent hakuweza kuisoma. Miwani yake ilikuwa imepotea tangu asubuhi, hata nyimbo za misa aliziimba kwa kukisia.

"Orodha tumeandika, papa, iko muzuri," alisema Junior. "Inakosa kashe tu. Lori linafika saa tisa."

"Munataka ukamanda! Nilipoanzisha hiki chama mulikuwa munakojolea mikeka!"

"Ndiyo, papa. Sasa imekauka."

Mpini ulishuka tena, safari hii kwenye vidole. Laurent akapiga yowe lililowarusha kuku wa jirani.

Jikoni, hatua tatu tu kutoka hapo, Nabintu mkewe alikuwa akisonga ugali. Hakulia. Hakuomba mtu aachwe. Tangu alfajiri alikuwa na kazi zake: alikunja sweta, akakunja blanketi, akafunga mfuko wa safari na kuuweka mlangoni. Laurent aliuona wakitoka kwenda misa, akamsifu.

"Umemufungia Emery vizuri."

Emery ndiye mtoto wao wa mwisho, miaka kumi na sita. Ilikuwa zamu yake; Laurent alikwisha kusema, na Laurent hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

"Nimefunga," Nabintu alijibu.

Sasa alisonga huku akimtazama mumewe usoni. Kila mpini uliposhuka, macho ya Laurent yalikimbilia ukutani, kwenye kalenda ya parokia, kisha yakarudi haraka kama mwizi aliyesikia mbwa. Mpini ukashuka mara ya nne. Mara ya tano.

Nabintu aliweka mwiko chini.

"Iko nyuma ya kalenda," alisema. "Musimuvunje miguu."

"Nabintu!" Laurent alilia, na huo ndio ulikuwa uchungu mkubwa kuliko wa vidole. "Umejua namna gani?"

"Miaka makumi tatu naangaliaka hayo macho."

Junior aling'oa kalenda. Kashe ilikuwa humo, ndani ya tundu la udongo, imeviringishwa kwenye soksi. Aliipulizia pumzi ya moto kama alivyomwona Laurent akifanya. Akagonga orodha mara sita, polepole, nyota moja ya pembe nne kwa kila jina.

Nje, lori likapiga honi.

Laurent alicheka kwa mdomo uliojaa damu. "Haya, makamanda. Pandeni! Mukafe kama wanaume."

"Hapana, papa," alisema Junior, akiinama kuwafungua wazee kamba. "Siye tunabaki kulinda benchi."

Nabintu akauchukua mfuko mlangoni, akamvika mumewe kwenye bega lililobaki zima.

"Miwani yako iko ndani, baba Emery," alisema. "Kando ya dawa ya mugongo."