Mdundo wa Ngwali

Tangu kiharusi kimnyang'anye Ngwali kauli, rafiki yake Fumo aliendelea kuja na santuri kila Ijumaa, kama walivyozoea kuletana muziki. Safari hii alileta roki ya progresivu, nyimbo ndefu zinazobadilika mdundo kila mara.

"Na wewe, wiki hii unasikiliza nini?" Fumo aliuliza kwa mazoea, kisha akajuta.

Ngwali akamkazia macho, akaanza tena kugonga blanketi kwa vidole: mara tatu, mara mbili, mara mbili tena.

"Kuna wimbo anautaka," alisema mkewe, Mashavu. "Tangu asubuhi anagonga hivyo hivyo."

Fumo akaweka santuri moja kwenye gramafoni. Ngwali akatikisa kichwa. Akaweka nyingine, na nyingine, mpaka zote alizoleta na zilizokuwa mle chumbani zikaisha. Machozi yakamtoka Ngwali, lakini vidole havikuacha kugonga.

"Siujui, ndugu yangu," Fumo alisema. "Nisamehe. Huo siujui."

Mashavu akazima gramafoni. Fumo akaketi ukingoni mwa kitanda, akauingiza mkono wake chini ya ule wa Ngwali, na vidole vikaendelea kugonga kiganjani mwake.